Sinywi, Lakini Naijua Ardhi Yake: Kisa cha Mvinyo Mwekundu wa Uhispania

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alinitumia ujumbe saa tano za usiku. Yuko mwaka wa pili wa masomo ya hoteli, na sasa anafanya mafunzo ya kazini katika hoteli moja ya ufuoni. "Mjomba," aliandika, "Ijumaa ijayo tuna mtihani wa mvinyo mwekundu wa Uhispania. Mama asema niache. Mimi sijawahi kuonja wala sitaonja. Je, nitafeli?"

Nilicheka peke yangu gizani, kisha nikanyamaza. Swali hilo nililibeba mimi zaidi ya miaka 20 iliyopita, nikiwa na stashahada mpya mkononi na shati jeupe lililopigwa pasi na mamangu.

Nilikuwa mhudumu wa mezani. Jioni moja alikuja mgeni mzee, Mhispania mwenye mikono mikavu kama ya mkulima, akanionyesha majina mawili katika orodha ya vinywaji akaniuliza tofauti yake ni nini. Nikamjibu jibu la watu wasiojua: "Yote ni mizuri sana, bwana." Akaniuliza kama nimewahi kuionja. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni Muislamu na sinywi. Nilidhani ataudhika. Badala yake alichukua kitambaa cha karatasi, akatoa kalamu, akaanza kunichorea nchi yake: milima, mito, tambarare ya juu, jua na baridi. "Kuonja si lazima," alisema. "Jua ardhi, utajua kilichomo."

Msimamizi wangu hakupendezwa. Kesho yake alinihamishia stoo akisema mtu asiyeonja hawezi kuuza. Uchungu ule nilikaa nao muda mrefu. Lakini kile kitambaa nilikihifadhi, nikaendelea kusoma. Leo, msomaji wangu, nataka nikueleze kile nilichomweleza mpwa wangu. Simwiti mtu kwenye glasi. Hii ni habari ya ukulima, ya hali ya hewa, na ya watu waliojua kulinda jina la pahali pao.

Nchi ya jua, lakini si jua peke yake

Ukimuuliza mtu wa Pwani kwa nini Uhispania ina zabibu nyingi, atakwambia kuna joto. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Uhispania ndiyo nchi yenye eneo kubwa zaidi la mashamba ya mizabibu duniani, zaidi ya hekta 900,000. Hata hivyo, kwa kiasi cha mvinyo inaotoa, kwa kawaida hutanguliwa na Italia na Ufaransa, nchi ambazo mashamba yake ni madogo kuliko yake. Maana yake ni kwamba shamba la Mhispania, ukilipima hekta kwa hekta, halizai sana. Na humo ndimo siri ilimo.

Sehemu kubwa ya katikati ya Uhispania ni uwanda wa juu, wanaouita Meseta. Si pwani wala si bonde. Mashamba mengi yako mita 600, 700, hata 900 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliokulia Mombasa, Lamu au Msambweni tumezoea usiku unaofanana na mchana. Shuka moja yatosha mwaka mzima. Lakini aliyewahi kupanda Taita anajua kuwa jua la mchana halimzuii mtu kutafuta sweta usiku. Huko Meseta mambo huzidi hapo. Mwishoni mwa kiangazi, tofauti ya joto la mchana na la usiku huweza kufika nyuzi 20.

Je, hilo linaifanyia nini zabibu? Jua la mchana hutengeneza sukari na kuivisha ganda. Zabibu ikipata joto mchana na usiku, uchachu wake huyeyuka upesi, ikabaki tamu tupu, kama embe lililoiva likapitiliza. Baridi ya usiku huupunguzia mti kasi, uchachu ukabaki. Kwa hivyo tunda huvunwa likiwa na utamu pamoja na uchachu, na rangi yake imekolea. Mzee yule aliandika juu ya kile kitambaa maneno mawili tu, "mchana" na "usiku", akachora mshale katikati. Ilinichukua miaka kuelewa kuwa mshale ule ndio uliokuwa somo lenyewe.

Mti unaotaka kulala

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Ikweta hatulifikirii. Mzabibu ni mti unaolala. Majira ya baridi yakija, huangusha majani yote, ukabaki kijiti kikavu ambacho mtu asiyejua angekikata kuni. Mkulima huupogoa ukiwa usingizini. Machipukizi hutoka mwezi wa Aprili, maua Juni, zabibu hubadilika rangi kati ya Julai na Agosti, na mavuno huwa Septemba na Oktoba.

Ndiyo maana mzabibu hauwezi kustawi vizuri kando ya bahari yetu. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, na unyevu wa hewa huleta ukungu unaooza majani na matunda. Majirani zetu wa Dodoma wanafanikiwa kwa sababu huko ni bara, ni kukavu na ni juu kidogo. Nao hulazimika kuupogoa mti ili kuuamsha, na hivyo huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mhispania huvuna mara moja tu. Akikosa, amekosa mpaka mwaka ujao.

Na kukosa kupo. Adui mkubwa ni jalidi, ile baridi ya usiku mmoja inayogandisha umande na kuua machipukizi mabichi. Mwishoni mwa Aprili 2017 jalidi ilipiga mashamba ya Rioja na ya Ribera del Duero, watu wakaamka asubuhi kukuta machipukizi yamekuwa meusi kama yaliyochomwa moto. Kazi ya mwaka mzima ilipotea kabla ya sala ya alfajiri, kama tungesema sisi.

Kiu kama mwalimu

Mkulima wa kwetu akiona udongo wenye mawe na chokaa, atasema hapa hapaoti kitu. Mkulima wa mizabibu wa Uhispania atauliza bei yake. Mzabibu ukipewa udongo mnono na maji mengi hukimbilia majani, na zabibu zake huwa kubwa, za maji, zisizo na ladha. Ukiwekwa mahali pagumu, huteremsha mizizi chini kutafuta maji, na matunda yake huwa machache na madogo. Tunda dogo lina ganda nyingi kuliko maji. Na kwa mvinyo mwekundu, ganda ndilo kila kitu: juisi ya karibu zabibu zote nyeusi ni nyeupe ukiikamua. Wekundu hutoka kwenye ganda, lililoachwa ndani ya juisi siku kadhaa inapochacha.

Kuchacha wenyewe hakuhitaji maelezo marefu kwa mtu wa Pwani. Sote tunajua kwamba tembo linalogemwa mnazini huwa tamu, na likiachwa jua likapanda hugeuka. Chachu hula sukari na kuigeuza kileo. Ndicho kinachotokea kwenye juisi ya zabibu, na ndicho kilichotufanya sisi Waislamu tuishie kwenye tunda, tusivuke.

Turudi kwenye kiu. Katika sehemu kavu, Wahispania hawapandi mizabibu karibu karibu. Huko La Mancha, kusini mwa Madrid, desturi ya zamani ni kuacha mita mbili na nusu kati ya mti na mti ili kila mmoja upate ardhi ya kunywea. Huupogoa uwe kichaka kifupi kama bakuli, majani yakatia kivuli juu ya matunda na udongo wa chini. Hakuna nguzo wala nyaya. Kwa miaka mingi sheria ilikataza kabisa kumwagilia mashamba ya mizabibu. Ruhusa ilikuja mwaka 1996, baada ya ukame mkali wa miaka ya tisini. Ndiyo sababu hekta nyingi zikatoa mavuno kidogo.

Pahali panne, tabia nne

Mpwa wangu aliniambia kuwa mwalimu wao ametaja majina mengi hata yanamchanganya. Nikamwambia ashike manne, na kila moja alifunge kwenye udongo na anga lake.

La kwanza ni Rioja, kaskazini, kando ya mto Ebro. Upande wa kaskazini wake kuna ukuta wa milima, Sierra de Cantabria, unaozuia upepo wa baridi na mvua za Atlantiki. Kwa hivyo Rioja imekaa kwenye mpaka wa hali tatu za hewa: Atlantiki upande mmoja, Mediterania upande mwingine, na bara katikati. Magharibi kuna ubaridi na udongo wa mfinyanzi wenye chokaa. Mashariki, kunakoitwa Rioja Oriental, kuna joto na ukame zaidi. Zabibu kuu ni Tempranillo. Jina hilo latokana na neno la Kihispania lenye maana ya "mapema", kwa sababu huiva kabla ya wenzake. Mvinyo wake hausifiwi kwa nguvu, husifiwa kwa ulaini na kwa kustahimili miaka mingi.

La pili ni Ribera del Duero, kwenye uwanda wa Castilla, mita 700 hadi karibu 1,000 juu. Watu wa huko wana msemo kwamba wana miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Zabibu ni ile ile Tempranillo, lakini huko waiita Tinto Fino, nayo kwa vizazi vingi imejizoesha na shida ya huko: ganda lake ni nene, rangi yake ni nzito zaidi. Hapa ndipo mwanafunzi aelewe somo. Zabibu ni moja, pahali ni pawili, na matokeo si mamoja. Tempranillo hiyo hiyo kule La Mancha huitwa Cencibel, na Catalonia huitwa Ull de Llebre, maana yake jicho la sungura.

La tatu ni Priorat, Catalonia, milima mikali isiyoingia trekta. Udongo wake si udongo hasa, ni vipande vya mawe meusi ya sleti vinavyometameta juani, wenyewe huviita llicorella. Mawe hayo hayashiki maji juu, kwa hivyo mizizi hupenya kwenye nyufa kwenda chini sana. Zabibu ni Garnacha na Cariñena, zilizozoea joto na upepo. Mti mkongwe wa huko waweza kutoa matunda machache mno. Mvinyo wake huwa mzito, wenye kileo kingi, na bei yake ni kali. Pahali hapa palikaribia kufa. Vijana walihama, miteremko ikaachwa. Mwishoni mwa miaka ya themanini kikundi kidogo, wakiwemo René Barbier na Álvaro Palacios, kilirudi kwenye mizabibu ile mizee na jina la Priorat likafufuka.

La nne ni Jumilla, kusini mashariki, katika jimbo la Murcia. Mvua yake ni kama milimita 300 kwa mwaka. Linganisha na Mombasa inayopata zaidi ya milimita 1,000, na sisi bado twalia ukame. Zabibu yake ni Monastrell, punje ndogo, ganda nene, huiva kwa kuchelewa na huvumilia jua ambalo zabibu nyingine zingekuwa zabibu kavu mtini. Mvinyo wake ni mweusi mweusi, wenye joto, na kwa miaka mingi uliuzwa bila jina, kwa malori ya matangi, ukachanganywa na mivinyo dhaifu ya wengine ili kuipa rangi. Jambo hili la kuuzwa bila jina likumbuke, nitalirudia.

Kuueleza usichokionja

"Basi ladha nitaisemaje?" aliniuliza mpwa wangu. Nikamwambia ulimi wako unayajua mambo haya, ila umeyajua kwa njia ya halali.

Wanachokiita tanini ni ukakasi. Ukila bibo, ukitafuna ndizi mbichi au ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani, ulimi na fizi hukauka na kushikana. Ndiyo hiyo. Hutoka kwenye ganda na kokwa za zabibu, na pia kwenye mbao za pipa. Ganda nene la Ribera au Jumilla lina ukakasi mwingi. Miaka ya kungoja huupunguza. Wanachokiita uchangamfu ni uchachu, kama wa ukwaju au embe bichi lenye pilipili, ule unaokujaza mate. Unatokana na zile baridi za usiku. Na wanachokiita uzito wa kinywaji hutokana na sukari ya jua, iliyogeuka kileo.

Kuna jambo moja litakalomfurahisha mtu wa Pwani. Wahispania, hasa wa Rioja, wana mazoea ya kuuweka mvinyo kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani. Mbao hizo huacha harufu ya vanila, na pamoja nayo harufu ya nazi. Si hadithi, kuna kemikali kwenye mwaloni ambayo hunukia nazi hasa. Wageni hulipa pesa nyingi kuisikia harufu ambayo mama zetu wanaitoa kwenye mbuzi na kifuu kila asubuhi.

Pipa la kawaida la Rioja hubeba lita 225. Mtindo wa mapipa haya madogo ulitoka Bordeaux, Ufaransa, katikati ya karne ya 19. Baadaye mdudu mdogo aliyetoka Amerika Kaskazini, filoksera, alianza kula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kuja kununua Rioja. Lakini mdudu naye akavuka. Aliingia Uhispania kupitia Málaga mnamo 1878 na akafika Rioja karne ilipokuwa inageuka. Tiba iliyopatikana ni ile ile tunayoifanya kwenye miembe yetu: kupandikiza. Walichukua shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake inamstahimili mdudu, wakapandikiza juu yake kikonyo cha Tempranillo au Garnacha. Mpaka leo mizabibu mingi ya Uhispania imesimama juu ya miguu ya kigeni. Mahali penye mchanga mtupu, kama Toro na sehemu za Jumilla, mdudu hakuweza kutembea vizuri, na huko bado kuna mizabibu mizee inayosimama kwa miguu yake.

Maneno ya kwenye lebo pia yana maana, na hili ndilo lililomwokoa mpwa wangu. Crianza ni mvinyo mwekundu uliokaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa. Huko Rioja mmoja kati ya hiyo uwe ndani ya pipa. Reserva ni miaka mitatu, na angalau mmoja pipani. Gran Reserva ni miaka mitano, na Rioja hudai miwili ya hiyo iwe pipani. Mhudumu anayejua hayo ana jibu la kweli la kumpa mgeni, na hakuhitaji tone.

Jina la pahali ni mali

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii badala ya kumjibu mpwa wangu kwa simu na kulala.

Mwaka 1925 Rioja ilitambuliwa rasmi kama jina la asili linalolindwa, la kwanza Uhispania kwa mvinyo. Maana yake ni kwamba asiye wa pale hawezi kuandika Rioja kwenye chupa yake. Lakini ulinzi huo haukuja bure. Mkulima wa Rioja akishavuna kilo 6,500 za zabibu nyekundu kwa hekta, amefika ukomo. Hata kama mwaka ni wa neema na shamba limejaa, sheria imemkataza kuzidisha. Aina za zabibu zimetajwa, mipaka ya mashamba imechorwa, muda wa pipa unahesabiwa, na kuna baraza la kukagua. Mwaka 1991 Rioja ilipandishwa daraja la juu zaidi, na baadaye ni Priorat pekee iliyoifuata. Ribera del Duero ilipata jina lake mwaka 1982.

Fikiria kilichotokea hapo. Udongo ule ulikuwepo maelfu ya miaka. Jua lilikuwepo, baridi ilikuwepo. Kilichogeuza shida ya ardhi kuwa riziki ni watu waliokubaliana kufungwa na kanuni, ili jina la kwao liaminiwe. Jumilla ilipokuwa ikiuza kwa matangi bila jina, bei ilipangwa na mnunuzi. Ilipoanza kuuza kwenye chupa yenye jina la Jumilla na la Monastrell, ikawa na neno la kusema mezani.

Isidhaniwe kwamba wameshatulia. Hali ya hewa inageuka hata kwao. Mavuno yanakuja mapema kuliko zamani, joto linaongeza sukari na kuondoa uchachu ule wa usiku, na ukame ulioanza Catalonia mwaka 2021 ulifikia kiwango cha serikali ya jimbo kutangaza hali ya dharura ya maji mwezi wa Februari 2024. Wengine wanapanda juu zaidi milimani wakiifuata baridi. Lakini jina limefungwa kwenye pahali. Mizabibu yaweza kuhama. Jina la Priorat haliwezi kuhama nayo. Huo ndio mtihani wao wa sasa.

Zabibu yetu na yao

Kabla sijamaliza, niseme jambo linalotugusa sisi. Neno letu zabibu latokana na Kiarabu, na Kihispania cha zamani nacho kina neno acebibe, la zabibu kavu, kutoka mzizi huo huo. Si bahati nasibu. Waislamu waliingia Uhispania mwaka 711 na dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka 1492. Walikuwa wakulima hodari wa maji na miti. Ibn al-Awwam wa Sevilla, katika karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha ukulima kinachozungumzia udongo, kupandikiza miti na mizabibu. Mfereji wa kumwagilia, Wahispania huuita acequia, neno la Kiarabu hilo hilo.

Mpaka leo, kwenye miteremko ya Axarquía karibu na Málaga, wakulima huanika zabibu za moscatel juani mpaka zikauke, kisha huzikata kwa mkono moja moja. Zabibu kavu za Málaga nazo zina jina linalolindwa kisheria. Kwa hivyo ardhi ile ile, jua lile lile, kiu ile ile, hutoa pia kitu ambacho ungekitia kwenye pilau yako ya Idi bila wasiwasi. Tunda si haramu. Njia ya kulipitisha ndiyo inayoamua.

Nilichomwambia mpwa wangu

Walimu wetu walitufundisha kwamba katika mambo ya ulevi lawama haimwangukii anywaye peke yake. Inamfika anayeubeba na anayeumimina. Sitajifanya sikulijua hilo nilipokuwa mezani na trei. Nililijua, na kodi ya nyumba nayo niliijua. Stoo niliyotupwa kama adhabu ilikuwa, nikitazama nyuma, mlango wa kutokea. Nilijifunza hesabu za bidhaa, nikahamia ofisi, na baadaye nikaacha kabisa. Siwahukumu vijana wetu walio kwenye hoteli leo. Wengi wao ndio wanaolipa karo za wadogo zao. Ila nasema tusiwadanganye kwamba swali hilo halipo.

Mpwa wangu nilimwambia hivi: mtihani fanya, kwa sababu kujua si kunywa. Kumimina ni jambo jingine, na hilo lizungumze na mwalimu wako mapema, kwa adabu, usingoje siku ya aibu. Mtihani amefaulu. Alieleza mchana na usiku wa Ribera mpaka mwalimu akamuuliza amesafiri lini. La kumimina bado hawajakubaliana, na mamake bado hajalala vizuri.

Mimi nami kuna jambo linaninyima usingizi. Msimu wa maembe ukija, dalali huingia shambani kwetu na pikapu, akahesabu miembe ya ngowe aliyoipanda babangu, akataja bei yake, akaondoka. Embe lile likifika sokoni mbali huitwa embe tu. Halina Lamu, halina Msambweni, halina ngowe. Hakuna anayejua limeiva juu ya udongo gani wala limepigwa na upepo wa bahari gani, kwa sababu sisi wenyewe hatujakaa chini hata siku moja kukubaliana lipi ni letu na lipi tutalikataa.

Kile kitambaa cha mzee bado ninacho, kimekunjwa ndani ya daftari, wino umefifia. Juzi nilikitoa nikakigeuza upande wa pili, uliokuwa mtupu miaka yote hii. Nikachora shamba la babangu.